Nyuki wa Lankatilaka

Hemamali aliwaona nyuki kabla hajamwona Budha.

Walikuwa wamefika chini ya ngazi za hekalu la kale la Lankatilaka, yeye na mama mkwe wake, wameshikana mikono. Viatu walikuwa wameviacha nje kwenye rundo la viatu vya mahujaji wengine, vichwa viko wazi kama desturi inavyotaka, na mchanga ulishaanza kuchoma nyayo ingawa asubuhi ilikuwa bado mbichi. Watu wote waliokuwa mbele yao walitazama katikati, pale kuta mbili ndefu za matofali zinapoachana kidogo na kumwonyesha Budha asiye na kichwa, amesimama kule ndani, mrefu kama mnazi. Hemamali peke yake alitazama juu. Chini ya ukingo wa ukuta wa kushoto, kwenye kivuli, yalining'inia masega meusi, kila moja pana kama mlango wa nyumba. Mtu akiyaona kwa haraka angedhani ni ngozi za ng'ombe zimeanikwa. Kisha ngozi moja ikatetemeka. Wimbi likapita juu yake kutoka kona hadi kona, likang'aa, likatulia.

Miguu yake ikagoma.

"Nini tena?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, kuna nyuki."

"Nyuki wako kila mahali. Hata kwetu wapo."

"Hawa ni bambara, Mama. Wale wakubwa wa mwambani."

Mama mkwe, Punchi Menike, aliinua uso akakunja macho. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, hakuona kitu zaidi ya anga. Akasema ukuta ule umesimama tangu enzi za wafalme, nyuki wamekaa juu yake tangu enzi za wafalme, na mahujaji wamepita chini yao siku zote hizo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha akaongeza, kwa sauti iliyowafikia wanawake waliokuwa nyuma yao, "Baba yako amerina asali maisha yake yote, na wewe binti yake unakimbia nyuki. Sijui mwanangu alioa nini."

Wale wanawake wakacheka, cheko la adabu, mikono mdomoni.

Ni kweli baba yake Hemamali alikuwa mrina asali, kule Bibile, na hofu yake ilitoka hukohuko. Alipokuwa mdogo alimfuata baba msituni, akaumwa shavuni na nyuki mmoja tu. Kabla hawajafika barabarani uso wake ulikuwa hauna macho na koo lake limebaki tundu dogo la kupitisha hewa kwa filimbi. Alichokikumbuka zaidi hakikuwa maumivu. Alikumbuka kifua cha baba kikidunda chini ya sikio lake huku akikimbia naye, na namna baba alivyokuwa akilia, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. Daktari wa zahanati aliwaambia kwamba damu ya mtoto huyu haipatani na nyuki, na kwamba siku nyingine huenda isingojee gari. Tangu hapo Hemamali alikung'uta shuka kabla ya kulala, hakunywa kitu kwenye chupa iliyoachwa wazi, na hakuweka maua dirishani. Mumewe, Tilakasiri, aliyajua hayo yote na hakumcheka hata siku moja. Mama mkwe aliyajua pia, lakini kwake yeye yalikuwa madeko. Alikuwa amelea watoto kwa kugema mpira kwenye vilima vya Kegalle, akitoka nyumbani gizani, nyoka miguuni na mvua mgongoni, na aliamini kwamba hofu ni ya watu wenye nafasi.

Safari yenyewe ilikuwa yake. Mwanzoni mwa mwaka Tilakasiri alishikwa na homa ya dengi mpaka fizi zikatoka damu, na mama yake, akiwa ameketi kando ya kitanda cha hospitali, aliahidi kwamba mwanawe akiinuka atapeleka maua kwa kila Budha wa Polonnaruwa, mji wa wafalme, asimruke hata mmoja. Tilakasiri akainuka. Ndiyo maana wakaja, siku ya poya, mwezi mpevu, wakati mji mzima wa magofu umejaa watu waliovaa nyeupe. Magoti ya Tilakasiri yalikuwa bado yanamuuma kutokana na ile homa, basi kila walipofika aliegesha gari kivulini na wanawake wawili wakaenda kwa miguu na vikapu vyao vya yungiyungi. Walikuwa wamebakiza hapa Lankatilaka, na mwisho kabisa Gal Vihara, penye Mabudha waliochongwa kwenye jabali.

Kama kila siku ya poya, Punchi Menike alikuwa ameshika kanuni nane tangu alfajiri. Sari nyeupe, shuka jeupe limekunjwa begani la kukalia wakati wa kutafakari, hakuna chakula baada ya adhuhuri, hakuna uongo, hakuna kuua. Hiyo ya kuua aliishika siku zote, si poya tu. Nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kupiga mbu mbele yake. Sisimizi wakiingia kwenye sukari aliwatoa nje kwa kijiko, mmoja mmoja, huku chai ya watu inapoa. Kuna mwaka alimnunia Hemamali kwa sababu ya mende.

Hemamali angeweza kusema haingii. Lakini ngazi zilikuwa ndefu, hazina pa kushika, na bibi yule hakuona vizuri anapokanyaga. Na wale wanawake nyuma walikuwa bado wana tabasamu. Akamshika mama mkwe kwapani, wakapanda.

Ndani, kati ya kuta, palikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Watu walikuwa wachache kuliko alivyodhani: wale wanawake, mzee mmoja na mkewe, kijana na mchumba wake. Punchi Menike alipanga maua yake chini ya miguu ya Budha taratibu, kila ua akilielekeza uso juu, midomo ikimchezacheza kwa sala. Hemamali alipiga magoti kando yake na hakusali. Alisikiliza. Juu, mbali, kulikuwa na mvumo wa chini kama mashine ya kukoboa mpunga inayofanya kazi kijiji cha pili. Alijiambia kwamba mvumo ukibaki hivyo hivyo, hakuna neno. Baba alikuwa akisema nyuki wana sauti ya nyumbani na sauti ya vita, na mtu akizisikia zote mbili hazimchanganyi tena maisha yake yote.

"Tumalize, Mama," alinong'ona.

"Mtu hasali kwa kukimbizwa," alijibu mama mkwe bila kufungua macho.

Hemamali akatazama juu tena, na ndipo alipomwona mwewe. Alikuwa mwewe mkubwa wa kahawia, akizunguka kwenye kile kipande cha anga kilichobaki kati ya kuta. Akazunguka tena, chini zaidi. Hemamali alimfahamu ndege yule kama anavyomfahamu jirani mbaya. Msituni kwao alikuwa akila watoto wa nyuki ndani ya masega, na manyoya yake mazito hayakujali miiba. Alifungua mdomo aseme. Mwewe akakunja mbawa.

Kipande cha sega kilianguka mbele ya yule mzee na mkewe, kikapasuka kama boga. Kwa muda mfupi hakukuwa na sauti yoyote, hata ule mvumo ulikoma, na watu wakakitazama kile kipande chini, cheupe na cheusi, hawajaelewa. Kisha sauti ya vita ikashuka.

Ilishuka pamoja na giza, kwa maana kile kipande cha anga kilifunikwa. Mtu mmoja alipiga yowe, halafu wote wakakimbilia mlangoni, wakipiga vichwa vyao kwa viganja, wakigongana. Mchumba wa yule kijana alianguka kwenye ngazi na watu wakapita juu ya sari yake. Hemamali aliona yote hayo, na akaona kwamba nyuki waliwafuata waliokimbia na waliopiga mikono. Mwili wake wote ulimwambia akimbie. Lakini maneno ya baba, ambayo hakujua kama bado anayo, yalikuja yenyewe: ukishindwa kuwa mbali, kuwa kimya, na ufunike uso.

Alimvuta mama mkwe upande usio wa mlango, nyuma ya Budha, kwenye kijia chembamba kati ya sanamu na ukuta.

"Mlango uko huku," alisema Punchi Menike, akivuta mkono.

"Njoo, Mama."

"Huoni watu wote wanaenda..." Nyuki akamuuma kwenye paji la uso. Bibi akashika uso kwa mikono miwili, na hakuvuta tena.

Mwisho wa kijia palikuwa na kona ambapo kipande cha dari ya zamani kilibaki. Hemamali alimkalisha pale, akalinyakua lile shuka kutoka begani mwake, akaketi kumkabili, magoti kwa magoti, na akalitupa shuka juu ya vichwa vyao. Akachomeka pembe chini ya makalio yao na chini ya miguu, akipapasa kama kipofu.

Wakawa ndani ya mwanga mweupe. Nje ya kitambaa vivuli vidogo vilianza kutua, kimoja, vingi, vikatembea. Shuka likawa zito kidogo juu ya vichwa. Uso wa mama mkwe ulikuwa karibu sana, mafuta ya nazi ya nywele zake yalinuka joto, na pale kwenye paji palikuwa pameshaanza kuinuka. Hemamali hakuwahi kuuona uso ule hivyo. Macho yalikuwa yametoka, midomo imekauka, mashavu yanachezacheza yenyewe. Ilimchukua muda kutambua anachokiona. Punchi Menike alikuwa anaogopa, na hakujua la kufanya na hofu, kwa sababu hakuwa na mazoea nayo.

Bibi alianza kukariri sala ya kuvitakia heri viumbe vyote. Sauti ilimtoka ikiwa imekatikakatika, na kila neno liliusukuma mwisho wa shuka mbele ya mdomo wake. Vivuli vikakusanyika pale.

"Mama, nyamaza," alinong'ona Hemamali. "Wanafuata pumzi."

"Sala inakinga."

"Sali moyoni."

Kwa miaka yote ya ndoa yake Hemamali hakuwahi kumwambia mtu huyu nyamaza. Punchi Menike alimtazama. Akafunga mdomo.

Wakakaa. Sauti nje zilikuwa za mbali: mtu anaita jina, mtu analia, gari linapiga honi mfululizo. Hemamali alipumua kwa pua, kidogo kidogo, jasho likimtiririka kwenye mbavu. Alifikiria koo lake. Hakuweza kuacha kulifikiria. Alimeza mate kulijaribu kama bado liko wazi, kisha akameza tena, na kila akimeza aliona kama ni gumu zaidi, na hakujua ni nyuki au ni hofu.

Ndipo aliposikia mvumo ndani ya shuka.

Ulikuwa mdogo, mmoja, na ukakatika. Alimwona nyuki kwenye kifundo cha mkono wa mama mkwe, mkubwa, tumbo la rangi ya chungwa, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hakuna aliyetikisika. Nyuki akaruka. Hemamali akamhisi akitua shingoni mwake, chini ya sikio, miguu sita myepesi.

"Mama," alisema bila kutikisa midomo. "Yuko shingoni."

Macho ya Punchi Menike yakaenda shingoni. Yalikuwa na ukungu, lakini kwa umbali ule yaliona. Nyuki alitembea kidogo kuelekea kooni, akasimama. Hemamali aliona mkono wa mama mkwe ukiinuka, ukasita hewani. Ulikuwa mkono uliobeba sisimizi kwa kijiko. Hatua chache tu kutoka pale, akiwa amewapa mgongo, alisimama Budha na maua aliyotoka kumwekea. Uso wa bibi ulijikunja kama wa mtoto anayekaribia kulia.

Akamdaka nyuki kwa vidole viwili, akambana, akamsaga.

Harufu ikajaa ndani ya shuka, tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hemamali aliijua. Nyuki akifa hutoa harufu ile kuwaita wenzake. Nje, vivuli vilivyokuwa vikitembea vikasimama, kisha mvumo ukapanda na shuka likaanza kugongwa kama linapigwa changarawe.

"Wanakuja kwa harufu," alisema. "Mama, inama."

Badala ya kuinama Punchi Menike alimwangukia. Alimkumbatia na kumlaza chini, akamfunika kwa kifua chake, na shuka likabanwa kati ya mgongo wake na nyuki. Hemamali alimsikia akiumwa. Hakulia. Kila mwiba ulipopita kitambaa mwili wake ulishtuka, pumzi ikamtoka puani, kisha akangoja mwingine. Wawili zaidi walipenya ndani, na mkono ule ule uliwapapasa kwenye nywele za Hemamali, ukawapata, ukawasaga, na safari hii haukusita.

Mguu wa Hemamali ulikuwa umetoka nje ya shuka walipolala. Mwiba wa kisigino ulimpata kama sindano ya moto.

Alijua mpangilio wa yatakayofuata, alikuwa ameukariri tangu utotoni. Kwanza viganja vya mikono viliwasha. Kisha midomo ikawa minene. Kisha masikio yakajaa mlio, na ndani ya koo kitu kikaanza kuvuta kamba. Alimshika mama mkwe sari na kuikunja ngumini, na wazo pekee alilokuwa nalo lilikuwa la kijinga: kwamba Tilakasiri hajui funguo za kabati la nguo ziko wapi.

Tilakasiri alikuwa amewaona watu wakitoka wakijipiga na kubingirika mchangani, na akahesabu nyuso, na za kwake hazikuwemo. Walinzi wa magofu walikuwa wamewasha makuti mabichi yenye moshi mzito. Walimwambia angoje. Hakungoja. Alijifunga gunia kichwani, akanyakua kuti kutoka mkononi mwa mlinzi mmoja, akaingia, na mlinzi yule akamfuata nyuma akimtukana kwa uoga. Walipita kati ya kuta wakiita. Hemamali alisikia jina lake lakini hakuwa na hewa ya kuitikia. Aliyeitikia ni Punchi Menike, sauti ya chini, "Huku, mwanangu. Nyuma ya Budha."

Moshi ukawafikia. Mvumo ukashuka. Tilakasiri alimbeba mkewe mgongoni, na magoti yale yaliyokuwa hayawezi kupanda ngazi yakamshusha mpaka garini. Mlinzi akamburuta bibi kwa mkono, shuka bado limeshikilia mgongoni mwake.

Njiani kwenda hospitali Hemamali alilala kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Hewa iliingia kwa filimbi. Aliisikia ile filimbi na akaikumbuka, na akawa tena mtoto msituni, ila kifua kilichodunda juu ya sikio lake hakikuwa cha baba. Mwanga wa dirishani ulianza kusogea mbali. Punchi Menike alimshika taya, akalivuta mbele kwa nguvu ili njia ya hewa isizibe, mkono wenyewe umevimba kama glovu iliyojazwa maji.

"Pumua," alisema. "Haya, tena. Tena. Usilale, Hema. Nitakupiga makofi ukilala, unanijua."

Tilakasiri aliendesha huku analia kwa sauti. Mama yake akamwambia anyamaze atazame barabara.

Sindano ya kwanza alichomwa hata kabla ya kuwekwa kitandani. Baada ya ile sindano moyo ulikimbia kama unataka kutoka, mikono ikatetemeka, na kidogo kidogo ile kamba kooni ikalegea. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, alikaa naye mpaka filimbi ikaisha. Alisema mwiba ule ungekuwa wa shingoni badala ya kisigino, asingeahidi kitu. Hata hivyo usiku huo wasingemruhusu kuondoka, yeye wala mama yake. Hemamali hakumsahihisha kwamba ni mama mkwe.

Punchi Menike walimlaza kitanda cha pili, kifudifudi, mgongo wazi. Muuguzi alikuwa akikwangua miiba kwa ukingo wa kadi, akiidondosha kwenye kibakuli. Mgongo mzima ulikuwa umepanda matuta mekundu. Bibi hakulalamika. Alikuwa ameuelekeza uso ukutani, na Hemamali alidhani amelala.

Alasiri Tilakasiri alirudi kutoka garini na vitu vyao. Alilishika lile shuka kwa ncha za vidole, akalikunjua karibu na dirisha, na nyuki waliokufa wakaanguka sakafuni. Wengi walikuwa wamekauka kama kawaida ya nyuki akishauma. Lakini watatu walikuwa wamepondwa, wamegandana na kitambaa.

"Hawa mmewaua?" aliuliza. Hakuwa analaumu. Alishangaa tu, kwa sababu alilelewa na mwanamke yule. "Nani kawaua?"

Mabega ya Punchi Menike yakakakamaa. Hakugeuza uso kutoka ukutani, lakini Hemamali aliona vidole vyake vikijikunja polepole na kujificha chini ya mto.

"Mimi," alisema Hemamali. "Nilishtuka."

Tilakasiri akasema hakuna neno, nani asingeshtuka. Akafagia wale nyuki kwenye kipande cha gazeti, akatoka nao nje.

Mgonjwa wa kitanda cha mbali alikohoa. Sauti ya mama mkwe ikatoka ukutani.

"Umesema uongo siku ya poya."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimeua. Siku ya poya, mbele ya Budha. Si mmoja." Sauti ikawa ya mtu mwingine, nyembamba. "Nimeishi na kanuni ile tangu sijaolewa. Sasa nitakufa lini sijui, na nitajibu nini sijui. Ninaogopa, Hema. Tangu tumetoka pale ninaogopa, na si nyuki."

Hemamali alijua maneno ambayo watu wangesema, kwamba nia ndiyo inayohesabiwa, kwamba alifanya kwa huruma. Mama mkwe aliyajua pia, tena kuliko yeye. Basi akashuka kitandani, bomba la maji ya dawa likimfuata, akaketi sakafuni kando ya kitanda cha bibi, na akautafuta ule mkono chini ya mto. Ulikuwa wa moto. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kumkaripia.

Asubuhi daktari aliwaruhusu, akawapa vidonge na onyo. Tilakasiri aligeuza gari kuelekea nyumbani Kegalle. Mama yake akasema bado Gal Vihara.

"Mama, utatazamaje Budha na uso huo? Jicho moja limefumba."

"Ananijua."

Hemamali hakutaka kwenda. Kwenye njia ya mchanga alisimama kila jani lilipoanguka. Mama mkwe hakumkebehi. Alisimama naye kila aliposimama, akangoja, kisha wakaendelea. Walipofika kwenye jabali bibi hakusogea mbele.

"Tazama juu vizuri," alisema.

Hemamali alitazama. Mwamba ulikuwa mtupu, wa kijivu na mistari myeusi, na chini yake Mabudha wake: aliyeketi, aliyesimama amefunga mikono kifuani, na yule mkubwa aliyelala ubavu, mto wa jiwe umebonyea kidogo chini ya kichwa kana kwamba una uzito wa kweli.

"Hakuna, Mama."

Punchi Menike alipiga magoti mbele ya aliyelala, kwa shida, mgongo haukunji. Akaweka maua. Kwa kawaida, akishamaliza, aligawa thawabu ya ibada yake kwa wafu wa nyumba kwa majina, wazazi wake, mumewe, mtoto aliyemzika mchanga. Siku hiyo aliwataja wote, kisha akalinyoosha ua la mwisho, na Hemamali akadhani kamaliza. Bibi akasema polepole, "Na wale watatu wa jana. Sikuwajua majina. Iwafikie nao, wazaliwe pema."

Hemamali akaunganisha viganja na kuitikia.

Waliondoka mjini kabla jua halijawa kali. Barabara inapopita kando ya ziwa la wafalme, kitu kikavuma ndani ya gari. Punchi Menike alipiga yowe ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia maishani, na Tilakasiri akakanyaga breki mpaka vikapu vikaruka. Wakatoka wote, kila mmoja kwa mlango wake. Alikuwa nzi. Walimwona wazi, wa kawaida, akitembea juu ya kioo cha mbele. Tilakasiri akacheka akasema haya, turudini ndani, lakini yeye mwenyewe hakurudi. Milango ikaachwa wazi. Upepo wa ziwani ulipita ndani ya gari upande mmoja ukatoka wa pili, na Punchi Menike, kando ya barabara, akiwa amemshika mkwe wake kifundo cha mkono, alisema hakuna haraka, atatoka mwenyewe, wamsubiri.